MIZANI YA DHAHABU NA MIZANI YA MTOTO
Neno la Tume ya Haki na Amani kwa waamini na viongozi wa walei, juu ya mtoto mwembamba, mama anayelaumiwa, na tabibu anayefaa



1. KWA NINI TUNAANDIKA

Katika ukanda huu wetu wa dhahabu, tangu Kahama hadi Geita, hakuna chombo kinachoheshimiwa kuliko mizani ya mnunuzi wa dhahabu. Mchimbaji aliyekesha kwenye karasha na mwaloni huikodolea macho, maana anajua kwamba pointi moja ikipotea, jasho lake limeibwa. Mwaka 2019 Serikali ilifungua masoko ya madini, likiwamo la Geita, ili uzani uwe wa haki na kila mtu apate kilicho chake. Jambo hilo ni jema na tunalisifu.

Lakini ipo mizani nyingine, ile inayoning'inizwa kwenye boriti au kwenye tawi la mwembe siku ya kliniki. Mizani hiyo haikodolewi macho na mtu. Mtoto anapimwa, uzito unaandikwa kwenye kadi, kadi inarudi ndani ya kanga, na mama anaambiwa kwa haraka kwamba mtoto wake ana uzito mdogo, akamlishe vizuri. Anaondoka na aibu, hana maarifa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inatukataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Sisi wa Masumbwe tunayo mawe hayo mawili: moja kwa dhahabu, jingine kwa mtoto.

Wako watakaouliza: Tume ya Haki na Amani ina kazi gani na kilo za mtoto? Si shughuli ya zahanati hiyo? Tunajibu hivi. Mahali ambapo mama anahukumiwa bila kusikilizwa, ambapo hofu yake inageuzwa bidhaa, ambapo bibi kizee anashukiwa kwa sababu mjukuu hanenepi, na ambapo mtoto aliye mgonjwa kweli hakuti mtu wa kumchunguza, mahali hapo haki haipo. Na isipokuwapo haki, amani ni jina tu.

2. TUNAYOYAONA

Tuanze na mtoto mwenyewe. Ni mwembamba, lakini anacheza, ananyonya, analala vizuri. Alikaa kwa wakati wake, akatambaa kwa wakati wake. Baba yake ni mwembamba, na babu yake alikuwa mwembamba. Ila mtoto wa jirani, waliozaliwa mwezi mmoja, amejaa mashavu. Tangu siku watoto hao wawili walipokalishwa kwenye mkeka mmoja, kesi imefunguliwa, na mshtakiwa ni mama.

Shtaka la kwanza ni la kubemenda. Wanasema mtoto amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia wakati wa kunyonyesha, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Hatuwadharau wahenga. Waliona jambo la kweli: mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa kuwa mama ana mimba nyingine mara nyingi hudhoofika. Hata jina la ugonjwa wa kwashakoo lilitoka katika lugha ya Waga wa Ghana, nalo lahusu mtoto aliyesukumwa kando na mdogo wake, Dkt. Cicely Williams aliliandika katika jarida la kitabibu mwaka 1935. Lakini busara ya kuachanisha uzazi imegeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mwanamke. Mbona baba haulizwi? Mbona haulizwi juu ya fedha aliyoipata machimboni, imelala wapi?

Shtaka la pili huletwa na wenye visu. Mtoto akikohoa na kutapika, wanasema kimeo kimeshuka, kikatwe. Akiharisha na kupata homa, wanasema ana meno ya plastiki, yang'olewe. Na fizi laini ya mtoto mchanga hupasuliwa kwa chuma kisichochemshwa. Kinachotolewa pale si plastiki. Ni chipukizi la jino aliloumbwa nalo. Watoto huvuja damu, hupata vidonda na sumu ya damu, na wengine hufa. Waliokuwa wembamba na wazima wanafanywa wagonjwa na waliojidai kuwaponya.

Shtaka la tatu ndilo la kutisha zaidi, na sisi watu wa Shinyanga na Geita hatuwezi kujifanya hatulijui. Mpiga ramli anaulizwa kwa nini mtoto hakui, naye anataja jirani, au shangazi, au bibi mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, akiwapikia haohao wanaomnyoshea kidole. Mauaji ya vikongwe yaliyoutia aibu ukanda huu kwa miongo mingi hayakuanza na panga. Yalianza na swali lililopelekwa mahali pasipostahili.

Shtaka la nne halina kelele, kwa sababu limefungwa kwenye chupa nzuri. Muuzaji wa duka la dawa, ambaye sote tumezoea kumwita daktari ingawa hakusomea udaktari, hampimi mtoto wala hasomi kadi. Anauza. Leo dawa ya minyoo, kesho ya kuongeza hamu ya kula, keshokutwa maji ya vitamini, kisha kopo la maziwa ya unga. Mama akirudi kusema mtoto bado mwembamba, anauziwa tena. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia maziwa ya kopo yasinadiwe kushindana na ziwa la mama, na Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994. Kanuni hizo hazisomwi dukani. Fedha ya mayai, karanga na dagaa inakwisha kwa kununulia matumaini.

3. UKWELI KUHUSU UZITO

Lazima tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli huua pia.

Ukweli wa kwanza: wembamba peke yake si ugonjwa. Vipimo vinavyotumika sasa vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wapatao 8,400 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kwa vipimo hivyo, mtoto wa kati wa kike akitimiza miezi 12 ana kilo 8.9, na wa kiume 9.6, mstari wa tahadhari hupita kwenye kilo 7.0 kwa wa kike na 7.7 kwa wa kiume. Kati ya hapo pana nafasi kubwa, na humo wamo watoto wazima wa kila namna. Hata kati ya watoto 100 wenye afya na lishe njema, wawili au watatu huwa chini ya mstari kwa maumbile yao tu.

Vipimo vya zamani, vya mwaka 1977, vilitokana kwa sehemu kubwa na watoto wa Marekani walionyweshwa maziwa ya chupa. Watoto hao hunenepa kwa namna isiyo ya mtoto wa ziwa. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, mtoto anyonyaye vizuri alionekana kuanza kushuka baada ya miezi michache ya kwanza, na mama yake akaambiwa maziwa yake hayatoshi, aanze uji. Akina mama wangapi walihukumiwa kwa rula isiyokuwa yao!

Ukweli wa pili: si kila mwembamba ni mzima, wala si kila mnene ni mzima. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 12 walikuwa na uzito mdogo kwa umri wao, lakini 30 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Mtoto aliyedumaa aweza kuwa na mashavu yaliyojaa kwa ugali mtupu na michembe, jirani wakamsifu. Jicho la jirani linadanganya mara mbili: linamshtaki mzima na kumsifu aliyepungukiwa.

Ukweli wa tatu ndio ufunguo. Tusiangalie nukta moja, tuangalie njia. Mtoto mdogo ambaye kila mwezi anapanda sambamba na mistari ya kadi yake anakua, ingawa yuko chini ya wenzake. Mtoto aliyekuwa juu, kisha mstari wake ukalala miezi miwili au mitatu, au ukashuka, huyo anatuita, hata kama bado ni mnene kuliko wengine.

Na ziko dalili zisizongoja mwezi ujao: miguu yote miwili kuvimba, kuhara kusikokoma, homa au kikohozi cha wiki mbili na zaidi, viganja kuwa vyeupe, vidole vya mikono au miguu kuvimba kwa maumivu, jambo ambalo katika Kanda ya Ziwa latukumbusha selimundu, kukataa ziwa, kuacha kucheza. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa mkononi ukionyesha chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa. Kati ya 11.5 na 12.5 ni onyo. Tuongeze la kwetu: nyumba ambamo zebaki huchomwa jikoni ili kupata dhahabu si mahali pa kulea mtoto. Moshi ule hauonekani, lakini hudhuru ubongo na figo. Tabibu aambiwe habari hiyo bila kufichwa.

4. TABIBU ANAYEFAA NI YUPI?

Watu wetu husema daktari mzuri ni yule achomaye sindano, atoaye dawa nyingi, mwenye gari. Sisi tunakataa kipimo hicho.

Tabibu anayefaa, awe muuguzi wa zahanati, ofisa tabibu wa kituo cha afya au daktari bingwa, anajulikana kwa matendo. Anamvua mtoto nguo na kumpima. Anaomba kadi na kuisoma tangu mwezi wa kwanza, si mstari wa mwisho tu. Anauliza kabla ya kuandika: mtoto ananyonya mara ngapi, anakula nini, nani anamlisha mama akiwa shambani, alizaliwa na kilo ngapi, wazazi wenyewe wana umbo gani. Anamsikiliza mama kama shahidi, hamfokei kama mshtakiwa. Akiona mtoto ni mzima, ana ujasiri wa kusema, "Mtoto huyu ni mzima, mrudishe mwezi ujao," asiuze kitu. Akiona jambo limemzidi, haoni haya kuandika barua ya rufaa, kwenda hospitali ya wilaya au hata Bugando kule Mwanza. Na jina lake limo katika daftari la wataalamu wanaotambuliwa kisheria.

Mama naye ana haki ya kuuliza maswali manne: Umeona nini? Unadhani ni nini? Dawa hii ni ya nini? Nirudi lini? Tabibu anayekasirikia maswali hayo hajatoa huduma kamili, hata kama ametoa dawa.

Wapo watumishi wengi wa namna hiyo, na wengi wanafanya kazi peke yao mbele ya foleni ndefu, kwa stoo tupu. Hatuwashambulii. Tunawashambulia waliozoea foleni hiyo na kuiona ni desturi ya maskini.

5. NENO LA MUNGU LATUAMBIA NINI

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Mwinjili ameziweka pamoja habari mbili. Mwanamke mmoja alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga wengi, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Yesu alisimamisha msafara mzima ili amsikilize, kisha akamwita binti. Papo hapo anakwenda nyumbani kwa Yairo, anamwinua mtoto wa kike, na neno lake la mwisho kwa wazazi ni agizo kwamba mtoto apewe chakula. Baba na mama wote wawili walikuwa chumbani. Yairo hakusema, "Hayo ni ya wanawake." Yeye mwenyewe, mkuu wa sinagogi, ndiye aliyetoka kwenda kumtafutia mtoto wake msaada.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa zitokazo katika ardhi. Basi, anayesema sala inatosha bila zahanati anapingana na Maandiko. Naye Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, alihesabu chakula na matibabu miongoni mwa haki za kila mtu. Haki haiombwi kwa kupiga magoti mbele ya dirisha la dawa.

6. TUNAYOYAKATAA

Tunakataa neno lisemalo, "Watoto wetu ndivyo walivyo." Vipimo vya mwaka 2006 vilionyesha kwamba watoto wa Ghana na wa Norwei, wakilishwa na kutunzwa vizuri, hukua kwa namna moja. Maumbile hutofautisha mtoto na mtoto. Hayatoi udhuru kwa kijiji kizima kupungukiwa.

Tunakataa neno lisemalo, "Umaskini ndio sababu, hatuwezi kitu." Mwaka 1973 taifa hili lilisoma pamoja redioni katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka 1983 mpango wa lishe ulianzishwa Iringa, kwa msaada wa UNICEF na WHO, katika vijiji 168. Watoto walipimwa hadharani, na kamati ya kijiji ikakaa kujiuliza: huyu amepungua kwa nini? Mama hana muda? Chakula kinaliwa mara mbili tu? Ni malaria? Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile, navyo havikuwa vya matajiri. Mizani peke yake haikuponya mtu. Yaliyoponya ni mazungumzo yaliyofuata mizani.

Tunakataa pia udhuru wa walio madarakani. Uchangiaji wa huduma ulipoanza mwaka 1993, watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikarudia msamaha huo. Msamaha unaoishia kwenye maneno "dawa hakuna, kanunue" ni msamaha wa karatasi. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikaagizwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Masumbwe yetu ilikuwa Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 imo Mkoa wa Geita, Wilaya ya Mbogwe. Mkoa umebadilika, swali halibadiliki: ile elfu moja ya mtoto wetu ilitengwa? Ilitolewa? Ilinunua nini? Anayejua bei ya gramu ya dhahabu asubuhi na jioni hashindwi kuijua habari ya shilingi 1,000.

7. TUTENDE

Nyumbani: Mtoto anyonye ziwa peke yake miezi sita, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Tumbo lake ni dogo. Uji mwembamba hulijaza maji. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa au mafuta kidogo, au kimea cha mtama ili ulainike bila kupunguza unga. Dagaa, choroko, yai, maziwa, mchicha na papai havihitaji kopo la dukani. Alishwe mara mbili au tatu kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, kisha mara tatu au nne. Na baba aende kliniki. Akiweza kusimama saa nzima mbele ya mizani ya dhahabu, aweza kusimama nusu saa mbele ya mizani ya mwanawe.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo: Kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wajifunze kusoma kadi na kutumia utepe, wakishirikiana na mhudumu wa afya wa jamii. Mama wa mtoto mwembamba asitajwe kwa jina la aibu. Neno la kubemenda lisisikike tena kinywani mwa Mkristo. Mtoto akipewa rufaa, jumuiya ichangie nauli, kama ichangiavyo msiba. Kwa nini tuwe wepesi wa kuchangia jeneza na wazito wa kuchangia basi?

Katika parokia: Tunaomba viongozi wa walei watangaze siku za kliniki na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kama wanavyotangaza ndoa. Anayekata vimeo au kung'oa meno ya watoto wachanga aonywe, na asiposikia, aripotiwe. Anayetaja mchawi wa mtoto akabidhiwe kwa sheria kabla damu haijamwagika.

Kwa Serikali ya kijiji na halmashauri: Taarifa ya fedha ya lishe isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Tutahudhuria, na tutauliza.

8. MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

(a) Katika jumuiya yetu, ni mtoto gani tumemcheka au tumemwonea huruma kwa wembamba wake bila hata mmoja wetu kuiona kadi yake?
(b) Ni fedha kiasi gani imetoka katika nyumba zetu mwaka huu kununua dawa ambazo hakuna aliyetueleza ni za nini?
(c) Nani kati yetu atafuatana na mama kwenda kwa tabibu, ili asiende peke yake kama mshtakiwa?
(d) Mwenyekiti wa kijiji akiulizwa leo juu ya fedha ya lishe ya watoto, atajibu nini? Nani atamwuliza, na lini?

Majibu yaandikwe na kuletwa kwa Tume kabla ya mkutano ujao wa Halmashauri ya Walei. Msituletee majibu ya swali la kwanza na la pili peke yake.